Dkt. Honorata Ruhwanya, Aliyeyasadiki Maumivu ya Watu

Waheshimiwa viongozi wa dini na wa serikali, wafanyakazi wa afya mliokuja na sare zenu kwa kuwa wengine mnarudi zamu, majirani zetu wa Gungu, ndugu zetu wa Rusimbi na Ujiji, na wageni mliovuka ziwa kuja kumzika pamoja nasi, wakubwa shikamooni, na sote poleni. Mimi naitwa Feliksi Ruhwanya, ndiye mdogo anayemfuata marehemu, ni fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, na ingawa familia hii ina wasomi wengi kuliko mimi, shemeji yangu Vedasto ameomba historia hii isomwe na mtu ambaye dada alimweleza kazi yake mara nyingi mpaka akaelewa, na mtu huyo, kwa bahati yangu njema, ni mimi.

Dada yetu Honorata Yona Ruhwanya alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, Rusimbi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa hayati Mzee Yona Ruhwanya, aliyekuwa karani wa simu za maandishi katika stesheni ya reli ya Kigoma, na hayati Mama Agnesi, ambaye wengi wenu mnamkumbuka akianika na kuuza dagaa Kibirizi mpaka macho yalipomkatalia. Tangu utoto alikuwa mtu wa kutaka kujua, na katika familia yetu kuna kisa ambacho hakijawahi kuchosha, kwamba siku moja, akiwa darasa la pili, wavuvi walileta ufukweni yule samaki mnene, laini, mwenye umeme mwilini, wakawakataza watoto kumgusa, dada akamgusa, mkono ukarushwa, akakaa kwenye mchanga akiutazama mkono huo kwa muda, kisha akainuka akaenda akamgusa tena. Mama alipomuuliza, "Mara ya kwanza haikukutosha?" alijibu, "Ilinitosha, lakini sikuona kimepita wapi."

Alianza elimu ya msingi hapa Kigoma mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, akachaguliwa kwenda Shule ya Sekondari ya Wasichana Tabora, ambako alisoma kidato cha kwanza hadi cha sita kati ya mwaka 1972 na 1977, akipanda treni na kurudi nayo kila likizo, na Baba kila mara akijua amefika salama kabla ya watu wengine kujua, kwa sababu karani mwenzake wa Tabora alikuwa akimtumia maneno mawili tu kwenye waya: "Binti kafika." Baada ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, Bulombora, alijiunga na masomo ya udaktari Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979, akahitimu mwaka 1984, na baada ya mwaka mmoja wa mafunzo kazini alipangiwa hospitali yetu ya mkoa hapa Kigoma, akawa daktari wa kwanza kutoka mtaa wetu, jambo ambalo Mzee Yona alilitangaza stesheni nzima, hata kwa abiria waliokuwa wanapita tu.

Tarehe 18 Julai 1987 alifunga ndoa takatifu na Bwana Vedasto Mutalemwa, mwalimu wa hisabati aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, ambaye mwanzoni alikwenda hospitali kutibiwa malaria, na baadaye, kwa maneno yake mwenyewe, akaendelea kwenda bila malaria. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joanitha, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1988, na Erick, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1990, na kupitia kwao marehemu ameacha wajukuu watano, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1991 marehemu alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika mji wa Uppsala, nchini Uswidi, na ilibidi aende peke yake, akamwacha Erick akiwa ndio kwanza anajifunza kutembea, na Joanitha akiwa na miaka mitatu, na mzigo wote wa nyumba ukamwangukia Vedasto na Mama Agnesi, ambao waliubeba bila kulalamika mbele ya watu. Nitasema kidogo juu ya kile alichokwenda kukisoma, maana bila hicho hamtaelewa yaliyofuata. Ndani ya miili yetu, alivyonieleza akiwa amekaa juu ya tangi la mafuta kwenye karakana yangu, zipo seli za neva ambazo kazi yake ni kupeleka habari za mguso, joto, baridi na maumivu kutoka kwenye ngozi hadi kwenye uti wa mgongo, na kwenye ukuta wa seli hizo kuna vipokezi, yaani milango midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo baadhi yake hufunguka inapofikiwa na kemikali iitwayo glutamati, na ikifunguka huruhusu kalsiamu, ileile iliyo kwenye mifupa na kwenye dagaa wa Mama, kuingia ndani ya seli, na kuingia huko ndiko kunakoiambia seli la kufanya. Kalsiamu ikiingia kidogo na kutolewa, unajua umeguswa na mambo yanaishia hapo, lakini ikiingia nyingi, tena na tena, kama inavyotokea neva inapojeruhiwa, seli yenyewe hubadilika, huwa nyepesi kushtuka, kiasi kwamba pamba ikipita juu ya ngozi mtu anasikia moto.

Kule maabara alizilea seli hizo kwenye visahani vya kioo, akazitia rangi inayong'aa kalsiamu inapoongezeka, akadondosha tone la glutamati, kisha akakaa gizani kwenye darubini kuzitazama zikiwaka moja baada ya nyingine. Nilimuuliza, "Dada, miaka mitano unatazama seli zinawaka?" Akaniambia, "Miaka miwili ya kwanza zilikataa kuwaka." Alihitimu mwezi Septemba 1996, profesa wake akampa nafasi ya kubaki pale kama mtafiti, yeye akakubali, na alipopanda treni kuja Kigoma mwezi Novemba mwaka huo alikuwa na mpango mmoja tu, kuichukua familia yake na kurudi nayo Uswidi baada ya Krismasi.

Siku aliyofika, Erick, aliyekuwa ametimiza miaka sita, aliletwa mbele yake akiwa amevaa shati jipya, akainamisha kichwa vizuri kama alivyofundishwa na bibi yake, akasema, "Shikamoo, mgeni." Dada aliitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, akaomba maji ya kunywa, akaenda nayo uani, na Mama Agnesi akatuzuia sote tusimfuate.

Sasa ndugu waombolezaji, wale wa umri wangu mnaukumbuka mwezi ule, vita vilikuwa vimewaka upande wa pili, na watu kutoka Uvira, Fizi na Baraka walikuwa wakivuka ziwa kwa kila kitu kinachoelea, Kibirizi pakawa hapana nafasi ya kuanika dagaa kwa wingi wa watu waliolala juu ya mchanga, na mimi kazi yangu ikawa kutengeneza mashine za boti zilizofika zikivuta moshi ili zirudi kuchukua wengine. Dada hakuwa na wajibu wowote, alikuwa likizo, lakini siku ya tatu alikwenda kuomba kusaidia kwenye wodi ya mahema iliyofunguliwa na shirika moja la misaada karibu na kituo cha mapokezi, na wakampa upande wa majeruhi ambao vidonda vyao vilikuwa vimeshapona au vinakaribia kupona.

Ndipo alipokutana na mwanamke aitwaye Frida, mkulima kutoka Fizi, ambaye risasi ilimpita karibu na kiwiko miezi kadhaa nyuma, kidonda kikaziba vizuri kabisa, lakini yeye alikuwa akiutembeza mkono wake wa kushoto mbali na mwili kana kwamba umelowa rangi, hataki nguo iuguse, hataki upepo, na usiku alilala ameketi. Frida hakuwa peke yake, walikuwapo wengine wa namna yake, na habari zilikuwa zimeshaenea wodini kwamba hawa wanajifanya wagonjwa ili wasipelekwe kambini, kwa kuwa wodini chakula kilikuwa kinapikwa, na uamuzi ulikuwa umeshafikiwa kwamba Ijumaa ile wapandishwe malori pamoja na wengine waende Kasulu, bila dawa yoyote, kwa sababu mtu aliyepona hapewi dawa.

Dada alimwendea daktari kiongozi wa wodi, ambaye sitamtaja, kwa kuwa baadaye alikuwa rafiki wa nyumba yetu na alikula sana samaki wetu, akamwomba awaondoe watu hao kwenye orodha ya malori. Daktari yule, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu, alimwambia, "Dokta, kidonda kimefunga, mfupa mzima, sasa nini kinachouma?" Dada akasema, "Kidonda kimepona, neva haijapona." Yule akasema kila mtu aliyefika pale angeweza kusema hivyo, na nafasi za vitanda hazitoshi, na dada akamwomba kitu kimoja, aje amwone Frida akipimwa, kisha aamue atakavyo.

Walikwenda, na mimi nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nimempelekea dada chakula. Frida alimtazama daktari kiongozi, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao, "Munasema mie niko muongo. Moto haiko, ninajua moto haiko, lakini inaniunguza." Dada akamfunga kitambaa machoni, kwa ruhusa yake, akachukua kipande cha pamba, akampa daktari mwenyewe ashike, akamwambia aguse popote anapotaka, kwa mpangilio wowote, mkono wa kulia au wa kushoto, bila kusema neno. Daktari akagusa mkono wa kulia, Frida akatulia, akagusa kidole gumba cha kushoto, akatulia, akagusa kidole kidogo, Frida akauvuta mkono huku jasho likimtoka, akagusa kidole cha pete upande ulio karibu na kidole kidogo, akauvuta tena, kisha akagusa kidole hichohicho cha pete upande wa pili, na Frida akauliza tu, "Umeacha?"

Daktari yule akairudia sehemu hiyo ya kidole cha pete, nusu hii, nusu ile, kisha nusu hii tena, na kila mara ilikuwa vilevile, akaiweka pamba chini. Baadaye dada alinieleza kwa nini, kwamba katika mkono neva moja inahudumia kidole kidogo na nusu tu ya kidole cha pete, nusu ya pili inahudumiwa na neva nyingine, na mtu anayebuni maumivu husema kidole kizima kinauma, hawezi kubuni mpaka unaopita katikati ya kidole, kwa sababu mpaka huo hajawahi kuuona. Daktari kiongozi akamwomba Frida msamaha, yeye mwenyewe, mbele ya wodi, na orodha ya malori ikabadilishwa siku hiyohiyo, na wagonjwa wote wa aina ile wakapimwa upya mmoja baada ya mwingine, na walio wengi wakabaki.

Kubaki peke yake hakukuwa tiba, na dada alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Dawa za kawaida za maumivu zilikuwa hazimsaidii Frida, lakini chumba cha upasuaji kilikuwa na ketamini, dawa ya usingizi, na dada, ambaye kwa miaka mitano alikuwa ameitumia maabarani kuifunga milango ileile ya glutamati isipitishe kalsiamu, alikaa na daktari kiongozi na mtaalamu wa usingizi wakakubaliana kumpa kwa dripu, kwa kiwango kidogo mno, akiwa macho, na mtu amekaa pembeni yake muda wote. Mchana wa siku ya pili Frida alisinzia akiwa amelala chali, na aliyekuwa akimlinda akamwita dada aje aone, kwamba kitenge kilikuwa kimemteleza kikauangukia mkono ule wa kushoto, na Frida hakuamka. Dada alikuwa mkweli katika jambo hili mpaka mwisho, alikuwa akituambia kwamba dawa ile haikumponya kila mtu, wengine ilipunguza kwa siku chache tu, wengine iliwaletea ndoto mbaya ikabidi kuiacha, lakini hakuna hata mmoja aliyeambiwa tena kwamba ni mwongo.

Krismasi ikapita, tiketi za Uswidi zikiwa kabatini, na jioni moja ya Januari 1997, tukiwa tunakula nyumbani kwao hapa Gungu, dada alisema mbele yetu sote kwamba hataki kwenda. Vedasto akamwambia, "Mimi nimepika miaka mitano nikikusubiri, na kama ni kwenda kupika kwenye theluji niko tayari, kwa hiyo usibaki kwa ajili yangu." Dada akamjibu, "Sibaki kwa ajili yako. Kule ninazijua seli, hapa ninawajua wenye seli." Kisha akamtazama Erick, aliyekuwa amesinzia juu ya mkeka, akasema, "Na huyu ameshaacha kuniita mgeni, sitaki aanze upya." Profesa wake alisikitika, na baadhi ya watu hapa mjini walisema maneno, kwamba amesoma mpaka akachanganyikiwa, mtu gani anaacha Ulaya kwa ajili ya mahema, na leo, mbele ya jeneza lake, nafurahi kusema kwamba maneno hayo hayakumnyima hata usingizi wa mchana.

Kilichofuata ni miaka ambayo familia hii inajivunia kuitaja. Mwaka 1999 alianzisha kliniki ya maumivu katika hospitali yetu ya mkoa, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ziwa, ikihudumia wakimbizi kutoka kambini na wenyeji wa hapa kwa foleni moja, mvuvi aliyekatwa na kamba ya nyavu akikaa benchi moja na mama kutoka Burundi aliyekanyaga bomu, na alifundisha kwa mikono yake wauguzi na matabibu kupima maumivu kwa pamba, kwa maji baridi na kwa subira. Utafiti pia hakuuacha, alirudi Uppsala mara tatu kwa vipindi vya miezi michache, na mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha, kwenye seli walizozilea, kwamba vipokezi vya glutamati vilivyo juu ya seli ya neva ya hisia yenyewe havifanyi kazi ya aina moja, vingine huongeza kalsiamu na kuichochea seli, vingine huipunguza na kuituliza, na kwamba seli iliyojeruhiwa hupoteza mizani kati ya hivyo viwili. Siku alipoletewa nakala aliifungua kwanza ukurasa wa mwisho, akanionyesha mstari wa shukrani uliosema, kwa lugha ya huko, "Kwa Frida wa Fizi, aliyekubali kufungwa macho," na Frida alikuwa bado yuko kambini wakati huo, akilima bustani ya mchicha kwa mikono miwili, mpaka aliporudi kwao mwaka 2006.

Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walipojaa ufukweni Kagunga, marehemu alikuwa na miaka hamsini na saba na tayari anaugua kisukari, lakini alipanda meli pamoja na wauguzi aliowafundisha, akakaa huko siku zote za kipindupindu, na aliporudi alilala, akaamka, akauliza kliniki imefunguliwa na nani. Alistaafu kwa heshima tarehe 14 Machi 2018, ingawa ofisini waliendelea kumwona karibu kila Jumanne.

Kisukari, ambacho kiligunduliwa mwaka 2012, kilianza kumshambulia miguu mwaka 2019, usiku ikawa inaunguza, mchana haihisi chochote, na madaktari vijana walipokwenda kumwona aliwaeleza kila hatua, wapi panaunguza, wapi pamekufa ganzi, mpaka wa ganzi umefika wapi wiki hii, akiwaambia, "Andikeni, mgonjwa mwenye maelezo kama haya hampati tena." Mwaka 2022 figo zilishindwa, akaanza kusafishwa damu, akapelekwa Mwanza, akarudi mwezi Agosti mwaka huu kwa ombi lake mwenyewe, kwa kuwa alitaka kuwa karibu na ziwa. Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2023, saa kumi alasiri, hospitalini, akiwa amefumba macho na hajazungumza tangu asubuhi, binti yake Joanitha alimshika mkono akamuuliza, "Mama, unanisikia?" na yeye akasema, "Nakusikia. Mkono wako ni wa baridi." Joanitha akauondoa ili aupashe joto, na mama yake akamwambia, "Usiutoe." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na dakika chache baadaye akatuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mwanza, ambao wengi wao walikuwa wanafunzi wake na walimhudumia mwalimu wao kwa machozi na kwa ustadi, inawashukuru majirani wa Gungu, hasa Mzee Hamdani na vijana wake waliochimba kaburi tangu alfajiri kabla ya kwenda msikitini na wakarudi baada ya swala kuendelea, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kliniki, wenzake wa Uppsala waliotuma salamu, na boti zote za Kibirizi zilizobeba waombolezaji leo bila kuwatoza nauli. Kwa yeyote tuliyemsahau, tunaomba radhi, ni uchungu, si dharau.

Dada Honorata, uliwaamini watu wakati ambapo hakuna aliyewaamini, na sisi tuliozaliwa nyuma yako tulitembea mjini hapa vichwa juu kwa sababu yako. Kazi umeimaliza vizuri. Lala sasa, dada, upumzike kwa amani, pasipo na chochote kinachouma.